Mwamba Ambao ni Mchanga

Neno la kusoma: Mathayo 7:24–27, Zaburi 32:1–5, Isaya 54:10



Jumapili iliyopita muda uliniishia nikiwa katikati ya ujumbe, na watu wa ibada ya pili walikuwa tayari wamejaa nje. Mama mmoja akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Pasta, umetuacha juu ya mawe." Ni kweli. Basi leo tuyamalizie hayo mawe, na nitasema pia lile ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema nikiwa na maikrofoni mkononi.

Oktoba mwaka jana nilisafiri kwenda Marekani. Shemeji yangu anaishi Salt Lake City, jimbo la Utah, na Wakenya wanaosali pamoja naye waliniomba niwahudumie wikendi moja. Tulipomaliza, shemeji akasema siwezi kurudi nyumbani bila kuona mawe ya Utah. Nikacheka. Mimi ni mtu wa Kitui, kwetu mawe si habari. Jiwe la Nzambani nililipanda nikiwa bado mwanafunzi. Lakini mgeni hupelekwa, hajipeleki.

Tukaenda kwa gari kama saa nne kuelekea kusini-mashariki, mpaka mji mdogo unaoitwa Moab. Ndiyo, jina lile lile la nchi aliyotoka Ruthu. Karibu na mji huo kuna Mbuga ya Kitaifa ya Arches. Ukisikia mbuga usifikirie twiga na simba. Pale watu wanalipa kiingilio ili waangalie mawe. Ni jangwa, na mawe ni mekundu kama udongo wa Taita. Mengine yamesimama wima kama kuta za ghorofa ambayo mwenyewe aliishiwa na pesa, na mengine yametoboka katikati yakawa matao. Matao yaliyohesabiwa ndani ya mbuga hiyo ni zaidi ya 2,000. Mpendwa, nilisimama pale nikakosa maneno, na mnajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Njia tuliyotembea iko sehemu inayoitwa Devils Garden, yaani bustani ya shetani. Niliposoma kibao nilimwangalia shemeji hivi. Akasema, "Pasta, tembea tu, ni jina." Wanaotunza mbuga wanashauri kila mtu awe na karibu lita 4 za maji kwa siku. Mimi nilikuwa na chupa ya nusu lita, kama mtu anayeenda sokoni. Hewa ya huko ni kavu, hata jasho hulioni, linakauka kabla hujalipangusa. Unakauka bila kujua. Bahati nzuri shemeji alikuwa amebeba ya watu wawili.

Tukafika kwa tao kubwa kuliko yote pale, Landscape Arch. Kutoka mguu mmoja hadi mwingine ni kama mita 93. Hebu fikiria uwanja wa mpira, kutoka goli hadi karibu goli lingine, na juu yake jiwe jembamba limekaa hewani bila nguzo. Nikasema moyoni, huu ndio mwamba Yesu alisema tujenge juu yake. Nikaanza hata kupanga mahubiri.

Halafu nikapangusa mkono wangu kwa jiwe lililokuwa kando ya njia, jiwe la aina ile ile. Nilipoutazama, ulikuwa umejaa mchanga.

Linaonekana mwamba, kumbe ni mchanga

Watu wangu, lile jiwe ni mchanga. Ni chembe za mchanga zilizogandamizwa zikashikana, na kinachozishikanisha ni kitu kama chokaa. Ukiwa mbali unaona mwamba. Ukiligusa unabaki na mchanga mkononi.

Shemeji akanieleza jinsi yale matao yalivyotokea, na ninataka msikilize vizuri kwa sababu hii si jiografia tu. Chini kabisa ya ardhi ile kuna tabaka nene sana la chumvi. Chumvi ikilemewa na uzito wa mawe haitulii. Inasogea polepole, inavimba huku na kudidimia kule. Chumvi iliposogea, mawe ya juu yakapasuka nyufa ndefu. Shida ilianza chini, mahali ambapo hakuna mtu anayepiga picha.

Halafu mvua ikaingia kwenye nyufa. Mvua yenyewe si nyingi, ni kama milimita 200 hadi 250 kwa mwaka mzima. Lakini tone likiingia kwenye ufa linakula ile chokaa kidogo kidogo, na chembe za mchanga zinaachiliana. Wakati wa baridi yale maji yanaganda. Wewe ukisahau chupa ya maji kwenye friza inapasuka, sindio? Maji yakiganda yanatanuka. Basi jiwe linapasuliwa kutoka ndani, kipande baada ya kipande, mwaka baada ya mwaka. Tulikuwa tunasifu uzuri wa tao, na kumbe tao ni jiwe lililo katikati ya safari ya kuanguka.

Usiku wa Agosti 2008

Mnamo tarehe 1 Septemba 1991, watu walikuwa wamekaa chini ya Landscape Arch wakipumzika. Wakasikia mlio wa kupasuka juu yao. Hawakubaki kubishana kama ni mlio au si mlio. Wakaondoka mbio, na bamba la jiwe lenye urefu wa mita 18 hivi likaporomoka. Tao lilibaki limesimama, lakini njia ya kupita chini yake ilifungwa, na hadi leo unalitazama kwa mbali.

Mbele kidogo kwenye njia ile ile kulikuwa na tao lingine, Wall Arch, lenye upana wa zaidi ya mita 21. Watu wamepita chini yake miaka na miaka. Agosti 2008, usiku, likaanguka. Asubuhi watu wakakuta kifusi kimeziba njia. Hakuna tetemeko lililosikika, na hakukuwa na gharika. Lilikuwa limeliwa kwa muda mrefu, na usiku ule ulikuwa tu usiku wa mwisho.

Nilisimama pale simu ikiwa mfukoni, na hapa ndipo nilipomalizia Jumapili. Sasa wacha niendelee.

Ufa wangu

Asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimepokea ujumbe kwenye simu. Haukuwa wa ndugu wala wa kanisa. Ulikuwa wa mkopo. Ulinikumbusha kwamba siku zangu zimepita na riba inaongezeka.

Wengi wenu mmekaa kwenye darasa langu la fedha, lile la Jumamosi. Mnajua nilisoma biashara chuo kikuu miaka minne. Nimewachorea bajeti ubaoni, nimewaambia mkopo wa simu ni mzuri kuchukua na mchungu kulipa. Na mimi mwenyewe nilianza na shilingi 3,000, nikisema ni za wiki moja. Wiki ikaisha kabla pesa hazijafika. Nikachukua mahali pengine 5,000 nilipe zile. Kisha 8,000 nilipe hizo. Kufikia Oktoba deni lilikuwa shilingi 86,000 katika sehemu tano, na mke wangu hakujua hata moja. Simu yangu nilikuwa nailaza kifudifudi mezani. Akiuliza ni nani anatuma ujumbe usiku, nasema ni mambo ya kanisa.

Angalieni hapo. Zile 3,000 zilikuwa tone. Uongo wa "mambo ya kanisa" ulikuwa tone lililoingia kwenye ufa likaganda. Mtu akiniangalia madhabahuni anaona mwamba. Mke wangu angepapasa angebaki na mchanga mkononi.

Na ndipo nikaelewa Mathayo 7 kwa namna ambayo sikuwahi. Rudi uisome polepole. Yesu anazungumza juu ya watu wawili, na wote wawili wamesikia maneno yake. Wote wamejenga. Mvua ni moja, mafuriko ni yale yale, na upepo ni ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja alitenda aliyosikia, na mwingine aliishia kusikia. Kwa hivyo mchanga si watu wa nje wasiokuja kanisani. Mchanga ni mimi niliyejua kila kitu kuhusu riba na sikufanya. Kujua peke yake si mwamba, hata kama ulivishwa joho ukapigiwa vigelegele.

Daudi katika Zaburi 32 anasema kwamba aliponyamaza na dhambi yake mifupa yake ilichakaa, na nguvu zake zikakauka kama wakati wa kiangazi. Alijua jangwa, Daudi. Unakauka bila kuona jasho.

Simu kutoka Moab

Jioni hiyo, saa tatu usiku kule Moab, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi hapa nyumbani. Nilimpigia mke wangu akiwa anatayarisha watoto waende shule. Nikamwambia yote. Alinyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, "Baba watoto, wewe ndiye unafundisha watu bajeti." Akakata simu.

Sikulala. Nilikuwa nimetarajia kwamba nikitubu nitasikia amani mara moja, maana ndivyo huwa tunashuhudia. Haikuwa hivyo. Siku iliyofuata akanitumia ujumbe: "Andika madeni yote kwa karatasi. Yote. Usiache hata moja." Haukuwa ujumbe wa mapenzi, lakini niliusoma mara nyingi, kwa sababu ulikuwa na maana kwamba bado tuko pamoja kwenye hesabu.

Niliporudi nilimwendea Mchungaji wetu, nikamwambia, na nikaomba nitolewe kwenye kuhesabu sadaka mpaka nimalize. Alikubali. Sasa mnajua kwa nini hamnioni kwenye ile meza. Sikugusa pesa ya Mungu, na vitabu viko wazi. Lakini mtu aliye na ufa asiwekwe mahali pa kubeba mzigo. Leo ninapoandika haya tumebaki na shilingi 31,000. Mke wangu ndiye anayeshika karatasi. Simu yangu inalala ikiangalia juu. Na yeye ndiye aliyeniruhusu niandike haya. Alisoma kwanza, akafuta mistari miwili.

Tufanye nini basi?

Kwanza, sikiliza mlio. Wale wa 1991 waliokoka kwa sababu waliposikia kupasuka waliondoka. Mlio wako ni upi? Labda ni mtoto aliyeacha kukusalimia. Labda ni chupa unayoificha kwenye gari, au nambari ya simu uliyoihifadhi kwa jina la fundi na yeye si fundi. Usingoje asubuhi ya kifusi.

Pili, sema mapema, na useme kwa mtu. Mithali 28:13 inatufundisha kwamba anayeficha makosa yake hafanikiwi, lakini anayeyaungama na kuyaacha hupata rehema. Ona ni mambo mawili: kuungama na kuacha. Deni la 3,000 lingeungamwa kwa dakika tano juu ya chai. La 86,000 lilinigharimu usiku mzima na machozi ya mtu mwingine.

Tatu, hamia kwenye Mwamba ambao hauliwi. Isaya 54:10 Bwana anasema kwamba hata milima ikiondoka na vilima vikitikiswa, fadhili zake hazitaondoka kwetu. Nilikuwa naisoma kama lugha ya kupamba. Siku hizi naisoma kama mtu aliyeona kifusi. Mawe huondoka kweli, tena usiku bila kupiga hodi. Mungu hakuahidi kwamba vitu vikubwa haviwezi kuanguka. Aliahidi kwamba vikianguka yeye hatuachi. Kwa hivyo usiogope kusema ukweli ukidhani utaanguka. Kama umemshika Kristo, unaweza kuporomoka kwa heshima zako zote na bado ukawa na mahali pa kusimama.

Wiki hii ninakuomba jambo moja tu. Kabla ya Jumapili, mwambie mtu mmoja anayehusika ule ufa mmoja ambao unaujua. Usiutangaze kwa kikundi cha kanisa kwenye simu. Mwambie mume wako, mke wako, kiongozi wa ushirika wako wa nyumbani, au njoo ofisini. Mlango wangu uko wazi, na sasa mnajua kwamba sitakushangaa.

Tuombe: Baba, unatujua chini, pale kwenye chumvi. Tupe masikio ya kusikia mlio kabla ya kishindo, na ujasiri wa kutenda yale tunayojua. Washike wale watakaoambiwa mambo mazito wiki hii, wasivunjike. Tuweke juu ya Mwamba, Yesu Kristo. Katika jina lake tumeomba. Amen.