Kifuta jasho si fidia

Mfugaji akiamka asubuhi na kukuta simba ameingia zizini na kuua ng'ombe wake, Serikali ya Tanzania haimwambii kuwa itamlipa fidia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011 zilileta utaratibu mwingine. Aliyepoteza mifugo au mazao hupewa kifuta jasho. Aliyejeruhiwa, au jamaa wa aliyeuawa, hupewa kifuta machozi.

Wapo watakaosema huo ni msamiati tu. Hapana, ndugu msomaji. Fidia ni deni. Hupimwa kwa thamani ya kilichopotea, na asiyelipwa ana haki ya kudai. Kifuta jasho ni pole. Anayetoa ndiye apangaye kiasi, na anayepokea hutakiwa kushukuru.

Sasa tujiulize: simba ni wa nani? Sheria hiyo hiyo inajibu kuwa wanyamapori ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anayewinda bila kibali hushtakiwa. Mtalii anayekuja kumtazama simba hulipa kiingilio, na Serikali hupata mapato. Basi vipi mnyama awe na mwenyewe wakati wa faida, kisha akose mwenyewe wakati wa hasara?

Suala hili si geni kwetu Waislamu. Suratul Anbiyaa inataja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) juu ya kondoo wa watu walioingia shambani usiku. Wanazuoni wa fiqhi nao wameweka kanuni kuwa mwenye kufaidika na kitu ndiye abebaye hasara yake. Ni kweli ipo hadithi kwamba madhara ya mnyama hayana malipo, lakini wanazuoni wengi wameifafanua kuwa inahusu pale ambapo mwenye mnyama hakuzembea.

Wanaopinga fidia husema wafugaji watazembea, au watadanganya ili walipwe. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina jibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka malipo ya mifugo kwa bei ya soko, na wakati huo huo ikamnyima malipo mfugaji ambaye hakuchukua hatua za kuridhisha kulinda mifugo yake. Huko nako watu wamelalamika kusubiri malipo kwa miaka. Hata hivyo, aliyecheleweshewa haki anajua anachodai. Aliyeahidiwa pole atadai nini?

Sisi wa mjini tunanufaika na fedha za utalii ilhali simba hapiti mlangoni kwetu. Kwa mfugaji, ng'ombe ndiye akiba, ada ya shule na mahari. Hifadhi ni ya taifa zima, lakini hasara yake tumembebesha mtu mmoja. Wapo waliokata tamaa wakatia sumu kwenye mzoga, wakafa simba, fisi na tai kwa pamoja. Kitendo hicho ni kibaya, lakini tusikilaani huku tukinyamazia dhulma iliyokitangulia.

Mfugaji haombi sadaka. Umma una mali iliyomharibia mali yake, na umma unapaswa kumlipa.