Acha Kujificha, Dokta

Wewe unayetoka Kamunyonge alfajiri kwa pikipiki, boksi la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira, unakwenda Butiama au Bunda kabla jua halijawa kali. Ninasema na wewe.

Mpaka lini utaifanya kazi hii huku umeinamisha kichwa?

Ninajua ilivyoanza. Ulitaka udaktari wa binadamu, alama hazikutosha, ukapangiwa veterinari pale Sokoine, Morogoro. Au ulikwenda chuo cha mifugo cha LITA kwa sababu mjomba alisema huko ajira ipo. Tangu siku hiyo unaivaa taaluma yako kama koti la kuazima. Miaka inapita. Mwenye koti haji kulidai.

Ni lako!

Hebu sikiliza. Katika historia yote, binadamu wamefuta kabisa magonjwa mawili tu duniani. La kwanza ni ndui. La pili ni sotoka.

Hilo la pili ni kazi ya watu wako.

Sotoka ndiyo iliyopita Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikaacha mazizi matupu na watu wakifa njaa. Daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyokuja kuishinda, pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Lakini chanjo ikiwa ndani ya chupa inamponya nani? Nani aliibeba hadi zizini? Nani alisimama juani akichoma ng'ombe mmoja, wa pili, wa mia, kesho yake akaanza tena? Watu wa kazi yako. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha.

Sasa nenda Bunda, simama pale lango la Ndabaka, itazame Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wake walikuwa kama robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Kikubwa kilichotokea katikati ni sindano. Walichanjwa ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, ugonjwa ukakosa makao, ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Nyumbu wenyewe hawakuguswa! Watu wanavuka bahari kuja kupiga picha matunda ya kazi iliyofanyika kwenye mazizi ya wafugaji.

Na wewe unaona haya kusema unafanya kazi gani?

Sogea karibu, maana sijamaliza. Mwili wako je?

Unajua kwamba kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kaburi. Unajua kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa kijijini, ugonjwa hukatika. Unawahimiza watu walete mbwa. Unawashika kwa mikono yako, wanakung'ata.

Wewe umechanjwa?

Ulizalisha ng'ombe Kiabakari usiku wa manane bila glavu, mkono umezama hadi begani. Wiki chache baadaye homa ikaja jioni, jasho likalowesha shuka, viungo vikauma. Ukameza dawa ya malaria. Homa ikarudi. Ukameza tena. Umewahi kupima brusela hata mara moja? Unamkataza mfugaji kunywa maziwa mabichi, kisha anakuletea kikombe, nawe kwa adabu unakimaliza. Adabu gani hiyo ya kujiua?

Na kuna mzigo ambao maabara haiuoni. Kule Marekani, watafiti walichunguza vifo vya madaktari wa mifugo vya kuanzia 1979 hadi 2015. Wakakuta wanajiua kwa kiwango kinachozidi cha watu wengine: wanaume zaidi ya mara mbili, wanawake zaidi ya mara tatu. Hao wana maabara na vifaa ambavyo wewe unaviota tu. Kwa hiyo ukirudi nyumbani huna hamu ya kuongea na mtu, ukilala unamwona yule ng'ombe aliyekufia mikononi na mfugaji anayekutazama bila neno, usijiite dhaifu. Kazi hii ni nzito kwa kila anayeifanya. Isemee. Mwambie mwenzako. Mzigo ukizidi, nenda hospitali, uonwe kama mgonjwa mwingine yeyote.

Utaniambia mshahara mdogo. Kweli ni mdogo. Utaniambia wafugaji wananunua dawa ya OTC dukani na kujichomea ng'ombe wao, wakikuita ndigana kali imeshafika kwenye mapafu, na lawama inakuangukia wewe. Kweli kabisa, na inauma. Lakini kukaa umenuna kumemponya ng'ombe gani? Fika mapema. Simama mnadani, fundisha. Simama joshoni, fundisha tena. Mfugaji aliyeelewa mara moja atakuita siku ya kwanza ya homa.

Unafanya kazi binafsi? Taja bei kabla hujawasha pikipiki. Taja bila kuomba radhi.

Huna muda wa kupumzika? Nani alikuambia mazizi yote ya wilaya ni yako peke yako?

Una akili iliyokaa darasani miaka, ikajua figo ya mbuzi, damu ya ng'ombe na mapafu ya kuku. Una mikono inayoweza kugeuza ndama tumboni gizani. Uwezo huo utaulaza mpaka lini?

Kesho, kabla ya zizi la kwanza, pita hospitali. Ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Wakisema haipo, uliza itakuja lini, na siku hiyo rudi. Pima brusela. Nunua glavu ndefu kabla hujanunua vocha. Kisha mpigie mwenzako wa Bunda, mgawane zamu za usiku kuanzia wiki hii. Usingoje kikao cha mkoa. Usingoje bajeti. Namba yake unayo kwenye simu.

Piga.