Haki ya Kuyafufua Majitu

Vijana wetu wa sekondari huzipenda mno hadithi za kubuni zisimuliazo wataalamu waliookota mfupa wa jitu la kale, wakatoa chembe ndani yake, wakalirudisha jitu hilo duniani likitembea. Si hadithi za kubezwa. Ndani yake mna swali la maadili ambalo mwalimu hana budi kulikabili: je, mwanadamu akipata uwezo wa kumrudisha kiumbe aliyetoweka, anayo pia haki ya kufanya hivyo?

Sisi wa Mwazye, na wa Ufipa nzima, hatuna haja ya kutafuta jitu la mfano ughaibuni. Mashariki mwa uwanda wetu ardhi huporomoka hadi Bonde la Rukwa, na kusini mwa bonde hilo, pande za Galula, miamba imehifadhi mifupa ya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 100 iliyopita. Mwaka 2014 mmoja wao alitangazwa kwa jina la Rukwatitan, yaani jitu la Rukwa. Mwaka 2019 akafuata Mnyamawamtuka, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, maana Mtuka ni mto palipopatikana mifupa yake. Jina lake la pili ni moyowamkia, kwa ajili ya umbo la moyo lionekanalo katika pingili za mkia. Ilitupendeza kuona wanasayansi wa dunia nzima wakilazimika kuyatamka maneno yetu.

Kumnakili mnyama huyo hakuwezekani. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996, alitokana na chembe hai ya kondoo mwingine. Vinasaba vya mfu huharibika, na vya kale kuliko vyote vilivyotangazwa mwaka 2022, kutoka udongo wa Greenland, vilikuwa na umri wa miaka milioni 2 tu. Lakini kutowezekana hakujibu swali la haki. Tuseme ingewezekana.

Kwa maoni yetu, haki hapa hutegemea deni. Dinosaria hawakuangamizwa na mwanadamu. Walitoweka zamani sana kabla yake, wala hatudaiwi nao. Kumwamsha mmoja aje kuishi pasipo mama, pasipo kundi, pasipo hata majani aliyoyazoea, ni kumfanya mfungwa wa udadisi wetu. Wazee wa Ufipa walimheshimu chatu, wakimhesabu kuwa makao ya mizimu ya nchi. Hatudai kila mtu aamini hivyo leo. Ila wazee wale walitambua kwamba mnyama yule hakuwa kazi ya mikono yao. Jitu la maabara litakuwa na mwenyewe, na hati, na bei ya kiingilio.

Kifaru mweupe wa kaskazini ni shauri jingine. Huyo aliishi Uganda, Sudan, Kongo na nchi za jirani, na aliyemmaliza ni jangili mwenye bunduki. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta nchini Kenya mwezi Machi 2018, akaacha majike wawili, Najin bintiye na Fatu mjukuu wake. Wataalamu wamechukua mayai ya Fatu na kuyarutubisha kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, wakitumaini kwamba majike wa jamii ya kusini watabeba mimba hizo. Kazi hiyo tunaiunga mkono, kwani mwizi arudishaye alichoiba haulizwi kwa nini anajisumbua.

Hata hivyo tunayo hofu. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walihesabiwa wapatao 43,000 tu. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba tembo aweza kuwekwa akiba ndani ya kichupa chenye baridi kali, atakubali kweli kulipa mshahara wa askari anayekesha porini kumlinda yule aliye hai? Swali hilo tungependa lijadiliwe darasani hata kabla ya lile la jitu la Rukwa.