Safari Ambayo Mtoto Hataikumbuka

Wazee wengi siku hizi hufunga safari kwenda kuwatembelea watoto wao walioanza maisha mjini. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na watokao Dodoma nao wameipata njia hiyo. Babu na bibi hushuka stesheni na vikapu vyao, wakapokewa na mjukuu wa miaka miwili ambaye pengine hawajapata kumwona ila katika simu. Mtoto huambiwa aseme shikamoo, naye hujificha nyuma ya kanga ya mama yake. Siku ya pili au ya tatu baba mwenye nyumba husema: “Jumamosi twendeni sote tukatembee, tukaone mlima na mto.”

Hapo ndipo huzuka swali. Kuna faida gani? Bibi magoti yamuuma. Babu ameona milima mingi maishani mwake. Na mtoto, hata akionyeshwa Uluguru yote, hatakumbuka kitu. Je, si afadhali fedha hizo zinunue unga na sukari?

Hatupendi kulidharau swali hili. Fedha za kijana mwenye familia changa ni chache, na anayeuliza hivyo si mtu mbaya. Lakini ndani ya swali lake limo wazo moja ambalo twaona yafaa kulipima, nalo ni hili: kwamba jambo lisilokumbukwa ni jambo lililopotea.

Kwanza tukubali lililo kweli. Wataalamu wa saikolojia wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi, nao wasema kwamba mtu mzima, kwa kawaida, hakumbuki yaliyompata kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Basi mtoto wetu hataukumbuka mto, wala kofia ya babu yake, wala wimbo alioimbiwa njiani. Lakini nani kati yetu anakumbuka siku aliyofundishwa kutembea? Nani anakumbuka usiku ule alipokuwa na homa, mama akamzungusha chumbani mgongoni hadi alfajiri? Hatukumbuki hata moja, na hata hivyo twatembea, na tu hai. Watu wa Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu, ambao chemchemi zake zimo katika milima hii ya Uluguru. Wengi wao hawajapata kuiona milima yenyewe, wala maji hayawadai waijue chemchemi kwanza ndipo yawakate kiu.

Mtu aweza kujibu: “Maziwa na dawa ni lazima, matembezi si lazima.” Ni kweli kwamba mtoto hahitaji mlima. Mpeleke chini ya kilele cha Lupanga, kilichopanda zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, naye ataangalia mstari wa siafu ulio miguuni pake. Anachohitaji ni mtu wa kuinama naye amtazame siafu huyo bila haraka. Na mtu huyo, mara nyingi, ni bibi. Baba anawaza kazi ya Jumatatu, mama anawaza chakula. Bibi peke yake ndiye mwenye nafasi. Tena mwendo wa mzee na mwendo wa mtoto mchanga wa miguu ni mmoja. Wote wawili husimama kila baada ya hatua chache, wote wawili hutafuta jiwe la kukalia.

Zamani haikuwa lazima kupanga jambo hili. Katika Uluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, watoto wengi walikulia karibu na bibi yao, katika ardhi ya ukoo. Kuonana na bibi hakukuhitaji nauli. Leo kijana kutoka Mgeta ameoa binti wa Tabora, nao wamepanga vyumba viwili Kihonda. Bibi mmoja yu mlimani, mwingine yu mbali kwa safari ya siku nzima. Lililokuja lenyewe zamani sasa hapana budi litafutwe kwa makusudi.

Na hata wazee wakiisha kufika, twaweza kuwakosea kwa njia mbili. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako vijana wanaompa bibi jembe siku ya kwanza: wanamwita kwa sababu msichana wa kazi ameondoka, wanamwachia mtoto tangu asubuhi hadi jioni, na akisema amechoka wanashangaa. Wako wengine wasiompa jembe kamwe. Wanamketisha katika kiti mbele ya televisheni, wanamletea chai, na kila akinyanyuka wanamwambia, “Kaa tu, mama, upumzike.” Wa kwanza wamemfanya mtumishi, wa pili wamemfanya mgeni. Nyumba zote mbili zimesahau kwamba yeye ni mtu wa nyumba.

Matembezi ya pamoja yaweza kuponya makosa hayo. Njiani mzee si mtumishi, kwa maana kazi ya siku ile ni ya wote. Wala si mgeni, kwa maana yeye ndiye mwenye kueleza. Babu aliyezaliwa mlimani akisimama kando ya Mto Morogoro huonyesha msitu ulifika wapi alipokuwa kijana, na mashamba yamepanda hadi wapi sasa. Huenda akasimulia aliyoyasikia kwa wazazi wake juu ya mwaka 1955, watu wa Matombo walipokataa kulazimishwa kuchimba matuta, ghasia zikatokea, na serikali ya kikoloni ikauacha mpango ule. Mtoto hasikii lolote katika hayo. Baba yake anasikia, pengine kwa mara ya kwanza, ingawa ameishi chini ya mlima huo kwa miaka mingi.

Tena liko jambo la heshima ya ukwe. Katika makabila yetu mengi baba mkwe na mkaza mwana hawazungumzi ovyo. Ni desturi njema, lakini katika nyumba ndogo ya mjini yaweza kuleta kimya kizito. Mtoto akiwa katikati, maneno hupata njia. Mama humwambia mtoto: “Mwulize babu kama amechoka.” Naye babu hujibu: “Mwambie mama, babu hajachoka, ila maji ya kunywa hatayakataa.” Mtoto hakupeleka neno lolote, lakini wawili wamesikilizana na heshima imebaki mahali pake.

Twaongeza shauri moja. Haifai kuwaburura wazee hadi Morningside kwa miguu ili tu ipatikane picha ya kuwaonyesha marafiki. Safari na ipimwe kwa magoti ya bibi na usingizi wa mtoto. Kivuli, chakula kilichofungwa nyumbani, na saa mbili kando ya maji vyatosha. Nao wazee wasiutumie upendo wa mjukuu kuvunja neno la wazazi wake. Mama akisema pipi basi, iwe basi.

Lakini neno letu hasa twalielekeza kwa walio katikati, wenye wazazi walio hai na watoto wadogo. Wakati huu wa kuwa na wote wawili ni mfupi kuliko wanavyodhani. Twaona jinsi mchango wa msiba unavyopatikana kwa siku moja: gari hukodiwa usiku, ruhusa ya kazini hutolewa, ukoo mzima hukutana. Nauli ya kumleta mzee akiwa hai husubiri mwaka hadi mwaka. Kisha mjukuu hubebwa hadi kaburini kwa bibi asiyepata kumshika mkono.

Mtoto hatakumbuka. Basi wakumbuke wengine kwa niaba yake, wapate cha kumsimulia atakapouliza. Na bibi, aliyesubiri miaka miwili amwone, atarudi kwake akijua jinsi mjukuu wake anavyocheka. Kwa ajili ya hilo tu, nauli imelipwa vema.