Mwiba Haumchomi Mmoja

Wapo watu wasemao kwamba mtu mzima akiichagua hatari, hatari hiyo ni mali yake, kama shati lake lilivyo lake, na jirani hana haki ya kumwuliza. Kauli hii ina ladha ya uhuru, na kila apendaye uhuru huimeza upesi. Je, ni ya kweli? Nimelitafakari swali hili kwa miezi kadhaa, na lililonilazimisha ni jambo dogo ambalo wenye hekima huenda wakalicheka: kuchagua matairi ya baiskeli.

Baiskeli yangu ni ya mbio, ile yenye usukani uliopinda chini na magurudumu membamba. Kila Jumamosi naiendesha kutoka Dodoma mjini hadi Chamwino, mwendo wa kilomita 30 na ushee, kwenda kumjulia hali mama. Basi lipo, tena nauli yake si kubwa. Lakini mwendo ule ndio furaha yangu, na ndio dawa ya mwili unaoshinda ofisini wiki nzima. Barabara ni ya lami. Adui wa gurudumu yuko pembeni, mahali ambapo malori humsukumia mwendesha baiskeli: vipande vya chupa, miiba ya migunga, mbigili ambao kila kipande cha tunda lake hutega mwiba ukitazama juu, na vijiwaya vyembamba kama nywele vinavyoachwa na matairi ya malori yaliyopasuka. Kijiwaya hicho jicho halikioni, na hata kidole hukipata kwa shida.

Matairi yangu ya zamani yalipokwisha, ilinibidi nichague. Tairi la mashindano la upana wa milimita 25 lina uzito wa gramu 200 na kitu. Nyuzi zake ni nyembamba, mpira wake ni laini, nalo hukimbia juu ya lami kana kwamba halikugusa chini. Tairi la safari la upana huo huo laweza kukaribia gramu 600. Chini ya mpira wake wa juu limetandikwa tabaka nene la mpira mwingine, au kitambaa cha jamii ya Kevlar, uzi ambao mkemia Stephanie Kwolek aliuvumbua nchini Marekani mwaka 1965, na ambao hutumika pia katika fulana za kuzuia risasi. Tairi hili hula nguvu za mapaja, na kilima kifupi hukifanya kirefu. Basi nichague wepesi, au nichague amani?

Ingekuwa rahisi kujibu kwamba ulinzi mwingi ndio bora. Lakini tairi lisilopata pancha kabisa lilikuwapo tangu zamani: ni lile la mpira mtupu, lisilo na upepo ndani. Mhandisi Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo huko Uingereza mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa mjini Belfast, akapata hataza yake, baada ya kumtengenezea mwanawe magurudumu ya upepo ili baiskeli yake ya miguu mitatu isimtikise. Waendesha baiskeli wakaliacha tairi lisilotoboka, wakachukua linalotoboka, kwa sababu lile la kwanza lilipeleka kila kokoto hadi kwenye uti wa mgongo. Hapa nauona ukweli unaowahusu hata wasiopanda baiskeli: moyo uliojikinga na kila mwiba huwa mgumu kama gurudumu la mbao, nao huwatikisa wote wanaosafiri nao.

Kipimo basi ni nini? Kuhesabu miiba ya njiani hakutoshi. Mwendesha baiskeli wa mashindano makubwa hufuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba. La kwake likitoboka, fundi humbadilishia upesi, na mbio zikaendelea. Kwake tairi jepesi ni busara. Nyuma yangu mimi hakuna gari. Mbele yangu yuko mama, mwenye umri wa miaka 81, ambaye macho yake yamefifia, na ambaye saa 4 asubuhi hutoka na kigoda chake akaketi chini ya mti karibu na barabara. Nikichelewa nusu saa, hali chakula. Saa nzima ikipita, kila lori analolisikia ni lile lililonigonga. Simu ninayo, naye anayo. Lakini maneno “nimepata pancha, mama” humfikia kama habari iliyopunguzwa makali ili asishtuke. Mwiba unaochoma tairi langu unamchoma na yeye, wala hakuuchagua. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Walisema pia mchuma janga hula na wa kwao. Methali ya kwanza inanihusu mimi, ya pili inamhusu yeye, na ya pili ndiyo nzito.

Rafiki yangu mmoja alinipinga. “Bwana,” akaniambia, “ukiishi kwa hofu za mama utaishia kukaa kitini.” Hoja yake ina nguvu. Kama hofu ya mwingine ingekuwa sheria, ningeiuza baiskeli leo, na mama mwenyewe asingependa kuniona nimenyauka. Lakini kumhesabu mtu hakulazimu kumtii kila anapotetemeka. Mama amekwisha kuikubali baiskeli. Lililobaki kwangu ni kutomwongezea mashaka kwa ajili ya dakika chache za mbio.

Wala sithubutu kumhukumu muuza maziwa ninayepishana naye njiani, mwenye matairi yaliyojaa viraka. Tairi imara huuzwa ghali kuliko la kawaida, na fedha ya mkupuo hana. Hulipa kidogo kidogo kwa fundi wa chini ya mwembe, pengine hadi akazidisha bei ile. Uangalifu nao una gharama, na si kila aonekanaye mzembe ni mzembe.

Nimenunua matairi mazito, ya milimita 28, maana tairi pana halihitaji kujazwa upepo hadi liwe kama jiwe. Pampu, mpira wa ndani wa akiba na viraka vingali mkobani, kwani hakuna tairi lililokula kiapo. Kila nirudipo huyapapasa na kuchokoa vigae kabla havijazama, kwa sababu kigae aghalabu hakipenyi siku ya kwanza.

Uhuru wa kuchagua hatari ninao bado. Ila kabla ya kujiuliza kama nitaweza kuvumilia, humtafuta kwanza yule atakayevumilia pamoja nami bila kuulizwa, nikamtia katika hesabu. Ndugu msomaji, huenda wewe hupandi baiskeli. Lakini hapana shaka yuko mtu anayekungoja, na afadhali umjue kabla hujaondoka.