Nani Amesema Hiki ni Takataka?

Somo: Yohana 6:1–13, Kutoka 31:1–5

Tukisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili, wengi wetu tunafika pale watu walipokula wakashiba, tunapiga makofi, tunafunga Biblia. Yesu hakuishia hapo. Aliwaambia wanafunzi wake waokote vipande vyote, na vikajaa vikapu 12. Hebu jiulize: yeye aliyelisha maelfu kwa chakula cha kijana mmoja, makombo yalikuwa ya nini kwake? Si angefanya mikate mingine kesho? Basi kama mwenye uwezo wote hakutupa, mimi na wewe ruhusa tumeitoa wapi?

Swali la leo ni hili: kutupa kitu ambacho bado kinaweza kutengenezwa ni dhambi, au ni tabia tu?

Naandika nikiwa nimeshikwa mimi kwanza. Ofisini kwetu kiti changu kilivunjika mguu. Nikaandika barua ya kuomba kipya, kile kibovu nikakisukuma nyuma ya stoo, ambako vingine sita vilikuwa vimelala. Karatasi tunachapisha upande mmoja, tunatupa. Taa zinawaka mchana kutwa na dirisha liko wazi. Lakini nyumbani kwangu, mtu akisahau taa ya choo atanisikia! Hapo Roho Mtakatifu akanigusa. Kumbe ninatunza kinachotoka mfukoni mwangu tu. Mali ya wengine naiacha iteketee, na bado naomba Mungu anipe makubwa. Soma Luka 16:10–12 uone kama ombi hilo lina miguu.

Tena tunasema "nimetupa", kana kwamba kitu kimeisha. Kwetu Nairobi, taka nyingi zinaishia Dandora. Jaa lile lilianza miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Hadi leo malori yanaingia. Kando yake kuna nyumba, shule na makanisa, na moshi ukipanda kuna mtoto anauvuta. Nikitupa kizembe, nimemtupia jirani, na jirani ndiye niliyeamriwa kumpenda.

Sasa, askari wetu wa lango aliniambia, "Mzee, si kuna kijana hapo nje anachomelea vyuma?" Nikaenda. Kumbe ni yule anayetupangia viti kanisani kila Jumapili! Miaka mitatu ananisalimia, sijawahi kumuuliza anafanya kazi gani. Viti saba vilisimama siku hiyo hiyo. Akanirudishia changu akisema, "Mzee, hiki hakikuwa kimekufa. Kilikosa fundi."

Neno hilo lilinifuata hadi nyumbani. Kwa maana kule kuna kijana wangu, ambaye mtihani wa kidato cha nne haukumpa alama ya kuingia chuo kikuu. Aliniambia anataka kusomea ufundi wa bomba. Nikamjibu, "Sikukulipia karo ili ushike spana." Washirika wakiniuliza habari zake, nasema, "Bado tunaomba." Jioni ile nilielewa kwamba nilikuwa nimemsukuma mwanangu nyuma ya stoo, pamoja na vile viti.

Mpendwa, ni roho ile ile. Tunatupa vitu kwa sababu tumemdharau anayeweza kuviponya. Sisi Wapentekoste tunapenda kusema juu ya kujazwa Roho. Basi soma habari za Bezaleli. Mungu alimjaza Roho wake, na matokeo yakaonekana mikononi: dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Paulo alishona mahema. Bwana wetu mwenyewe, watu wa kwao walimjua kama seremala. Nani basi alituambia kazi ya mikono ni ya walioanguka?

Mtu atasema, si kila kitu kinatengenezeka. Kweli. Waya uliochakaa ukiulazimisha utachoma nyumba. Ndiyo maana tunahitaji fundi aliyesoma vizuri, anayejua kusema, "Hiki kitafaa, hiki la." Na tusigeuze vyuo vya ufundi kuwa jaa la kutupia watoto waliokosa alama. Mwenye alama nzuri na kipawa cha mikono naye aende kwa heshima.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alipofariki mwaka 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Nia ilikuwa ya profesa, lakini bila mikono ya mafundi nia hiyo ingebaki maneno.

Wiki hii, kabla ya kuandika barua ya kuomba kipya, tafuta fundi kwanza. Chapisha pande mbili za karatasi. Zima taa ya ofisi kama unavyozima ya kwako. Halafu Jumapili, yule kijana anayekupangia kiti, muulize kazi yake, na umlipe bei ya haki ukimpa kazi, si ile ya "tusaidiane, wewe ni wa kanisa".

Mwanangu ameanza masomo ya bomba muhula huu. Nikiulizwa anasomea nini, bado sauti yangu inashuka kidogo. Niombeeni.

Tuombe: Bwana, ulituumba kwa mikono yako, wala hukututupa tulipovunjika. Tufundishe kuona kama unavyoona. Amina.