Nahodha wa Nchi Kavu

Hosteli nzima inaniita Kamanda, na si kwa heshima. Cheo hicho nilikipata usiku mmoja nikiwa katikati ya Atlantiki, chini ya maji, nikiwakimbia Waingereza. Umeme ulikatika, na kompyuta yangu, ambayo betri yake ilishakufa siku nyingi, ikazima papo hapo. Nilipiga yowe. Mwenzangu wa chumbani akashtuka usingizini.

"Wamekufa wangapi?" akauliza gizani.

"Wote."

"Poleni wafiwa," akasema, akageukia ukutani.

Mchezo wenyewe ni Silent Hunter III, wa mwaka 2005. Ni wa zamani kiasi kwamba hata mashine yangu ya mtumba inaumudu. Humo wewe ni nahodha wa nyambizi ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kazi yako ni kuzamisha meli za adui na kuhesabu tani. Toka usiku ule utani haujaisha. Siku Jeshi la Wanamaji likipungukiwa na makamanda, wananiambia, watakuja kunichukua hapa hapa, na kandambili zangu.

Mimi hujitetea, na sitanii kabisa ninapojitetea. Mchezo umenifundisha kukadiria mwendo wa meli iliyo mbali, umbali wake na uelekeo wake, kisha kulenga torpedo mahali ambapo meli haijafika bado. Umenifundisha kunyamaza. Hata majeshi halisi huwafundisha maofisa wao nchi kavu kwanza, kwenye mitambo ya kuigiza, kabla hawajakabidhiwa chombo. Kwa nini basi saa zangu mia kadhaa zisihesabiwe hata kidogo?

Jibu nililianza kulishuku kupitia kitufe kimoja, kile cha kuharakisha muda. Ukikibonyeza mpaka mwisho, saa ya mchezo inakwenda kasi mara 1,024, yaani siku nzima baharini inakatika kwa sekunde 84. Nahodha halisi hakuwa na kitufe hicho. Alikaa majuma kadhaa ndani ya bomba la chuma na wanaume zaidi ya 40, wakipokezana vitanda, wakiwa na vyoo viwili ambavyo kimoja mwanzoni mwa safari kilijazwa chakula. Aliwaona wakila, wakinuna, wakiandika barua. Takriban watatu kati ya kila wanne waliotumika kwenye nyambizi zile hawakurudi. Mimi nimewaruka wote kwa kidole ili nifike kwenye mapigano.

Waingereza wana kozi ya kuwapima wanaotaka kuongoza nyambizi, iliyoanza mwaka 1917 na inayojulikana kama Perisher. Mtihani wake mkuu hufanyika baharini, ndani ya nyambizi ya kweli, manowari za kweli zikija kasi. Anayeshindwa huondolewa kwa boti, kwa desturi akiwa na chupa ya wiski, na hatatumika tena kwenye nyambizi. Wanaofika hapo ni maofisa wenye uzoefu wa miaka, hesabu wanazijua. Bado wapo wanaoondoka na ile chupa.

Kisha nikasoma habari za Khedive Ismail. Februari 1944 meli hiyo ilitoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo wauguzi pia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo, ikazama ndani ya dakika chache. Waliobaki walikuwa wakielea, na nyambizi ilikuwa chini yao. Msafara ulikuwa na meli nyingine zilizojaa askari. Manowari ya Kiingereza Petard ikaangusha mabomu yanayolipukia majini, pale pale walipokuwa wakiogelea. Waliookolewa hawakufika 220.

Nilimsimulia mwenzangu tukiwa tunasubiri wali uive.

"Ungekuwa wewe?"

"Ningeangusha," nikasema. "Vinginevyo inazama meli ya pili, na ya tatu."

Akakoroga wali. "Umejibu haraka, Kamanda."

Bado naamini jibu lilikuwa sahihi. Ila kuna aina ya usahihi unaopatikana bure, na nilikuwa nimeuokota kwenye mchezo ambao majini hakuna anayeita jina la mama yake. Huenda kamanda wa Petard alipiga hesabu ile ile. Yeye lakini alikuwa pale pale, na watu wa kweli majini. Siwezi kusema kwamba mimi na yeye tungekuwa tumefanya kitendo kimoja.

Mwaka jana nami nilipewa watu, wachache tu. Niliongoza wanafunzi 11 wa shahada ya kwanza kwenda kutazama magofu ya Songo Mnara. Mhadhiri alikuwa amebaki Kilwa Masoko na homa, nami nikaachiwa orodha ya majina na pesa za boti. Alasiri kusi ikachachamaa. Nahodha wetu, mzee aliyeyavuka maji yale tangu utotoni, aliitazama bahari, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, panavukika. Watalowa, na wataogopa. Tunaondoka au tunalala?"

"Mzee wangu, wewe ungefanyaje?"

"Mimi nina chombo," akasema. "Watu ni wako."

Mmoja wao, binti wa mwaka wa pili, asubuhi ile alikuwa amepigiwa simu kwamba bibi yake amefariki Lindi na mazishi ni kesho yake mapema. Alikuwa ameshafika ukingoni mwa maji, viatu mkononi. Niliwahesabu wote mara mbili, bila sababu. Kisha nikasema tulale.

Kufika magharibi upepo ulikuwa umekufa. Bahari ilitulia kabisa, mpaka wavuvi wakaanza kutoka na taa zao, lakini nahodha alikuwa ameshakwenda kwa jamaa zake ndani kijijini na sikumfuata. Binti alisema tu, "Sawa, kaka," akajilaza na wenzake. Bibi walimzika saa nne asubuhi, sisi tukiwa bado njiani.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa mwangalifu au mwoga. Tukikutana maktaba hunisalimia vizuri, huniuliza na utafiti unaendeleaje. Wenzake wa ile safari wameshaudaka ule utani na wote huniita Kamanda. Yeye huniita kwa jina langu.